Unapima kuanzia wapi? Kartushi ya kujazwa tena na mkono wa ndugu yetu

Ilikuwa siku ya posho, saa kumi na mbili ya asubuhi. Tulikuwa bado tunakunywa chai mbele ya mashimo, upande wa njia ya Manguredjipa, tukasikia mlio mmoja kutoka msituni. Wale wenye kuzoea bunduki wakasema palepale: huo mlio hauko mzuri. Mlio wa bunduki ya kuwinda unatoka na unakwenda. Ule ulibaki palepale, mzito, kama tairi ya kamio ikipasuka.

Nusu saa nyuma yake wakamleta ndugu yetu juu ya moto, amekaa katikati ya watu wawili, mkono umefungwa na shati. Huyu ndugu alikuwa mchimbaji pamoja na sisi miaka sita. Mgongo ulipomchosha akaacha shimo, akaingia kazi ya kuwinda, na nyama yake njo tulikuwa tunanunua kwa kula na ugali. Siku ile alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume, na jicho moja mpaka leo halioni vizuri. Yuko na watoto wane.

Sisi wa komite ya sendika tulichanga franga za hospitali, kama desturi. Lakini kuchanga peke yake hakutoshi. Kila ajali ya shimo tunaiulizia maswali: nani alifunga mbao, nani alipima, nani aliona alama na akanyamaza. Tukasema hii nayo iko ajali ya kazi, juu iligusa mwenzetu na iligusa chakula cha kambi. Basi tukaanza kuuliza. Yale tuliyoyakuta tunayaandika hapa, kwa wachimbaji wa Butembo na wa Beni, na kwa wamama wao, kwa sababu kartushi za namna hii ziko katika makambi mengi kuliko tunavyopenda kusema.

Bunduki ya zamani, kartushi ya juzi

Bunduki yenyewe ilikuwa ya zamani sana, Mauser ya kuwinda, ya wakati wa wazungu wa plantasyo za kahawa. Imepita mikono mingi. Bunduki kama hizo zinadumu, chuma chake kilikuwa cha nguvu. Shida ni kartushi. Zile za fabriki hazipatikani, na zikipatikana bei yake inapita mbuzi. Njo maana wako watu wanaookota ganda lililokwisha kupigwa, wanalijaza tena, wanatia risasi juu, wanauza.

Aliyejaza ile kartushi tulimfahamu. Ni mzee, tunamwita Papa Fundi, mtu wa heshima. Alitengeneza redio zetu, alitengeneza pompi zetu za maji. Hatukumwendea kwa ugomvi. Tulimwendea kama watoto wanavyomwendea mzazi, tukakaa juu ya banki mbele ya nyumba yake.

Akasema: "Bana bangu, miaka makumi mbili niko najaza. Sijaonaka hata siku moja kartushi yangu ikiumiza mutu."

Mmoja wetu akauliza: "Papa, samahani. Risasi unaisukuma mpaka wapi ndani ya ganda?"

"Mpaka inashika."

"Na unapima na nini?"

Akatuangalia kidogo, akajibu: "Na macho. Na mukono. Mukono unajua."

Ndugu wasomaji, sisi hatuwezi kumcheka. Wangapi kati yetu wanapima shimo na macho? Wangapi wanasema "mkono unajua" wakati wa kukata mbao za kushikilia ukuta? Sheria ya madini inasema shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30. Na bado tunaona mashimo ambayo PDG anasema yako mita 28, na ukiteremsha kamba unakuta 35. Kumbe alipima kuanzia ndani, chini ya ule udongo uliolegea, ama kamba yake ilikuwa ya nailoni yenye kuvutika. Neno la kwanza katika kupima si namba. Neno la kwanza ni kujua: unapima kuanzia wapi, mpaka wapi?

Na kwa kartushi ni vilevile.

Vitu vine ndani ya kimoja

Kwa wale ambao hawajapata kuiona karibu, kartushi ya bunduki ya risasi moja iko na vitu vine. Kuna ganda la shaba ya manjano. Kuna fataki, ile ndogo ya nyuma ambayo sindano ya bunduki inaigonga. Kuna baruti ndani. Na kuna risasi yenyewe, ile ncha, ambayo nusu yake iko nje na nusu yake imekaa ndani ya shingo ya ganda.

Hapo njo kuna habari yetu. Ile sehemu ya risasi inayoingia ndani ya ganda iko na kipimo chake. Fabriki inakipima, haiachi kwa mkono. Bunduki ya ndugu yetu ilikuwa ya kalibri 7×57, namna ya Mauser iliyotoka Ujerumani mwaka 1892. Saba ni upana wa mtutu kwa milimita, hamsini na saba ni urefu wa ganda. Kartushi nzima, kutoka kitako mpaka ncha, haipaswi kupita milimita 78. Hiyo 78 haikuokotwa njiani. Mwaka 1914, kule Liège, Ubelgiji, inchi kadhaa zilikubaliana kupima bunduki na kartushi kwa kipimo kimoja, na tume waliyoifungua, inayoitwa CIP, ingali inafanya kazi mpaka leo. Liège yenyewe ilikuwa na nyumba ya kujaribu bunduki tangu 1672. Bunduki mpya inapigwa kwanza na kartushi ya nguvu kupita kiasi, kwa robo moja zaidi ya nguvu inayoruhusiwa. Ikivumilia, inagongwa alama. Ikipasuka, inapasukia ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna uso wa mtu nyuma yake.

Wabelgiji walituletea bunduki zenye alama hiyo. Lakini alama iko juu ya chuma. Haiko juu ya kartushi ambayo mtu amejaza jikoni.

Nguvu iko kiasi gani?

Tairi ya moto iko na presyo kama bari 2. Tairi ya kamio la mizigo, kama bari 8. Wale wanaofanya kazi na kompresa wanajua bari 8 inaweza kumtupa mtu. Sasa kartushi ya 7×57, ikiwa nzuri, ikiwa ya fabriki, inaruhusiwa mpaka bari 3900. Tukageuza kwa kilo: ni kama tani 4 zimekaa juu ya ukucha mmoja wa kidole gumba. Na nguvu hiyo inatokea kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, kama kilometa chache tu za mita zikigawanywa... hapana, tuseme tu hivi: kabla sikio halijasikia mlio, kazi imekwisha.

Presyo hiyo yote inashikwa na chuma cha chumba cha bunduki na ganda la shaba. Uso wa mwindaji uko nyuma yake, shavu limelala juu ya mti. Kwa hiyo kila kitu kinachoongeza presyo bila mwindaji kujua ni deni ambalo uso wake njo utalipa.

Risasi ikiingia sana, risasi ikitoka sana

Tuchukue upande wa kwanza: risasi imesukumwa ndani kupita kipimo. Nafasi ya baruti inapungua. Baruti ni ileile, chumba kimekuwa kidogo, presyo inapanda. Ni kama kupika kwa chungu kidogo na kufunga kifuniko. Katika ganda refu la bunduki, milimita moja inakula nafasi kidogo tu, kama sehemu moja kwa mia. Lakini katika ganda fupi la bastola, kama lile la milimita 9, milimita ileile inakula karibu sehemu moja kwa kumi ya nafasi iliyobaki. Hapo bastola nzima inaweza kufunguka.

Upande wa pili: risasi imebaki nje sana. Wengi wanafikiri hii haina ubaya, juu nafasi ya baruti imeongezeka. Lakini ndani ya mtutu kuna mistari iliyochongwa kwa kuzungusha risasi. Mahali inapoanza, mbele kidogo ya chumba, risasi ya kawaida inakuta nafasi ndogo ya kuruka kabla ya kuigusa. Tufikiri bruweti iliyojaa mchanga. Ukiisukuma mahali pa sawa, inaanza kutembea polepole, halafu inapanda kilima na nguvu iliyokwisha kuipata. Lakini jiwe likiwa limekaza gurudumu tangu mwanzo, unasukuma, unasukuma, na nguvu yote inarudi kwa mikono yako. Risasi iliyokwisha kubanwa na mistari kabla ya baruti kuwaka iko vile. Presyo inapanda kabla risasi haijaanza kutembea. Na tena, mwindaji akitaka kutoa kartushi bila kupiga, risasi inaweza kubaki imekwama ndani ya mtutu, ganda linatoka peke yake, baruti inamwagika. Akitia kartushi ingine nyuma yake na kupiga, hapo hatuhitaji kueleza.

Kuna upande wa tatu, ambao watu wanausahau: risasi isiyoshikwa. Shingo ya ganda lililopigwa mara nyingi imelegea ao imepasuka kidogo. Risasi imewekwa kwa kipimo kizuri, lakini haikubanwa. Kwa kuitembeza mfukoni, kwa kuitia na kuitoa ndani ya bunduki mara tatu, mara ine, risasi inarudi ndani yenyewe. Ulipima asubuhi, jioni kipimo kimebadilika.

Siku tuliyopima

Papa Fundi alikuwa amebakisha kartushi sita. Tulimwomba aziweke juu ya meza, mbali na moto, mbali na watoto. Kijana mmoja wetu, mekanisie wa pompi, alikuja na piyakulisi yake, ile rula ya chuma yenye meno mawili ambayo inasoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Tulikuwa na kartushi moja ya fabriki pia, ya zamani, iliyobaki kwa mwindaji.

Ya fabriki ikasoma 77,8.

Halafu zile sita. Ya kwanza 77,6. Tukapumua. Ya pili 76,9. Ya tatu 78,9. Ya ine 75,8. Ya tano 78,1. Ya sita 77,0. Kutoka ile fupi mpaka ile ndefu, milimita 3 na kidogo. Ile ya 78,9 ilikuwa na mikwaruzo midogo kuzunguka risasi, alama ya kwamba ilikwisha kuingizwa ndani ya bunduki na ikagusa mistari. Ile ya 75,8, kijana aliigusa kidogo na kidole gumba, risasi ikatembea ndani.

Hakuna aliyesema neno. Papa Fundi alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akasoma namba yeye mwenyewe. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe mukono haukujua."

Tunaandika maneno hayo kwa ruhusa yake. Alitaka yaandikwe.

Hatusemi kwamba kina cha risasi peke yake njo kilikata vidole vya ndugu yetu. Ganda lilikuwa limechoka, baruti haikuwa ya namna ile, bunduki yenyewe ilikuwa mzee. Ajali ya bunduki, kama ajali ya shimo, ina baba wengi. Lakini kipimo njo kilitufungua macho. Kama kitu ambacho mtu anaweza kukipima kwa dakika moja kilikuwa kinatofautiana namna ile, basi vile ambavyo hatuwezi kuvipima hapa, kama uzito na namna ya baruti, vilikuwa vinatofautiana kiasi gani?

Wenye kazi yao wanafanya namna gani

Tukauliza zaidi, juu hatupendi kusema "ni mbaya" bila kujua wengine wanaifanyaje. Kule Ulaya na Marekani kuna wawindaji na wapiga shabaha wanaojaza kartushi zao wenyewe, kwa ruhusa ya sheria yao. Sio kwa umaskini tu. Wengi wanataka risasi iende palepale wanapotazama. Na wao, hii habari ya kina cha risasi wanaifanyia kazi ya siku nzima.

Kwanza wanaulizia bunduki yenyewe, juu kila bunduki iko na chumba chake. Wako wanaochukua fimbo nyembamba ya kusafishia, wanaifunga bunduki tupu, wanateremsha fimbo kutoka mdomo wa mtutu mpaka igote mlango wa nyuma, wanatia alama. Halafu wanafungua, wanaweka risasi peke yake, bila ganda na bila baruti, mpaka iguse mistari, wanaishikilia polepole, wanateremsha fimbo tena mpaka iguse ncha, wanatia alama ya pili. Nafasi katikati ya alama mbili njo urefu ambao kartushi ya bunduki hiyo haipaswi kuufikia. Mchimbaji yeyote anaelewa: ni kamba yetu na mafundo yake, imefanywa kwa shimo la milimita saba.

Halafu wanarudi nyuma kidogo kutoka hapo, wengi wanaacha nusu milimita ao zaidi. Hata hivyo ncha za risasi hazifanani. Chukua risasi kumi za boksi moja, ncha moja imepondeka, ingine ni ndefu kidogo. Ukipima mpaka ncha, unapima kosa la ncha. Kwa hiyo wanatia pete ndogo ya chuma juu ya tumbo la risasi, mahali ambapo upana wake unalingana na mistari ya mtutu, na wanapima kutoka kitako mpaka kwenye pete. Ni kama sisi: ukipima shimo kuanzia juu ya kilima cha udongo tuliotupa, kila siku shimo linaongezeka bila mtu kuchimba. Pima kuanzia udongo mgumu, ule usiotembea.

Tena, wakibadilisha kitu kimoja, namna ya risasi, ao fataki, ao kina, wanarudi chini na kuanza upya polepole. Wanaandika yote katika kaye. Na pamoja na hayo yote, pamoja na mizani ya baruti na vitabu na vipimo, kila mwaka wako wanaoumia. Basi sisi, wenye ganda la kuokota na baruti isiyo na jina?

Hata wale wawindaji wakubwa wa zamani walijua. Msikoti mmoja, W. D. M. Bell, alipiga tembo zaidi ya elfu moja, mwanzoni mwa miaka ya 1900, katika Karamoja ya Uganda na katika eneo la Lado, lililokuwa mkononi mwa Leopold II na kurudi kwa Sudani mwaka 1910. Bunduki aliyoipenda ilikuwa ya kalibri ileile ya ndugu yetu, 7×57, ndogo kwa tembo. Wengine walibeba bunduki nzito kama mlango. Yeye alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno akajifunza ubongo unakaa wapi, na alitumia kartushi za fabriki. Hatumsifu kwa wale tembo. Kule alikopita walipungua sana. Tunasema tu kwamba hata yeye hakutegemea mkono peke yake.

Sheria, na njia ya Beni

Kuna upande mwingine ambao unaweza kula familia kuliko ajali. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 inasema silaha na masasi viko chini ya ruhusa ya serikali: kutengeneza, kuuza, kushika. Tarehe 30 aprili 2010, pale Kinshasa, inchi za Afrika ya Kati zilipitisha mapatano juu ya silaha ndogo, na jina lake lenyewe linataja masasi na vipande vyote vya kutengenezea na kurekebishia. Yameanza kutumika tarehe 8 machi 2017. Papa Fundi hakujua. Na sisi, tuseme kweli, wengi wetu hatukujua.

Na tuko Kivu ya Kaskazini. Tangu tarehe 6 mei 2021 tuko chini ya état de siège, na raia anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya askari. Mchimbaji akikamatwa kwa bariere, kati ya Butembo na Beni, na ganda tatu za shaba ndani ya mfuko, ataeleza nini? Atasema "ni ya kuwinda"? Kwa inchi ambapo watu wanachinjwa usiku katika mashamba yao, askari hana sababu ya kuamini. Tunajua mama ambaye alitembea wiki mbili kutoka ofisi moja mpaka ingine akitafuta mume wake, kwa sababu ya kitu ambacho kilikuwa kinaweza kubaki chini porini.

Wengine watatuuliza: na usalama wetu je? Mnataka tukae mikono mitupu? Hili ni swali kubwa kuliko sendika, na hatujifanyi kulijibu. Lakini jambo moja tunajua: kartushi inayopasukia uso wako haikulindi na mtu. Inampunguzia adui kazi.

Tuliyokubaliana

Katika mkutano wa komite, mbele ya wachimbaji na mbele ya wamama wauzaji wa chakula, tulikubaliana mambo haya, na tunaomba makambi mengine yajadiliane nayo.

Kwanza, hakuna kujaza kartushi ndani ya kambi, na hakuna kununua nyama kwa kulipa na ganda, fataki ao baruti. Tulikuwa tunafanya hivyo, tukidhani ni biashara ndogo.

Pili, mtu akikuta kartushi ao bomu ndani ya udongo wa shimo, na katika vilima vyetu inatokea, asiipige na sururu, asiichome, asiipeleke nyumbani kwa kuuza shaba. Aweke alama ya fimbo na kitambaa, asimamishe kazi mahali pale, apashe habari kwa chefu na kwa wenye kazi ya kuondoa mabomu. Siku moja ya kazi iliyopotea inarudishwa.

Tatu, wamama, mkiona watoto wanachezea maganda, muyachukue bila kuwapiga, muwaulize waliyatoa wapi. Mtoto akipigwa, kesho ataficha.

Ine, mwenzetu akiumia na kitu cha namna hii, asifichwe nyumbani kwa kuogopa sheria. Jeraha la baruti linaoza haraka. Apelekwe hospitali kwanza. Maneno ya sheria tutasimama naye pamoja.

Tano, na hili njo tulilolipenda zaidi: kila shimo litakuwa na kamba moja ya kupimia, isiyovutika, yenye fundo kwa kila mita, na fundo la kwanza litafungwa mahali pamoja palipotiwa alama ya rangi juu ya mti wa mdomo wa shimo. PDG atapima, mchimbaji atapima, na namba mbili zitaandikwa katika kaye moja. Zikigongana, kazi inasimama mpaka zipatane. Wengi walilipwa kwa mita kidogo kuliko walizochimba. Wengine walishuka mita zaidi kuliko walizoambiwa. Yote mawili yalianza na mtu aliyesema "mkono unajua."

Papa Fundi alikuja mkutanoni. Zile kartushi sita tulikwisha kuzipeleka pamoja naye kwa wakubwa wa mahali, pamoja na bunduki iliyopasuka, na chefu wa mtaa alitusindikiza ili asionewe. Alirudi jioni ileile. Mbele ya watu wote akaomba neno. Hakusema mengi. Alimtazama yule ndugu yetu, aliyekaa mstari wa mbele na mkono wake wa bandeji, akasema: "Mwanangu, unisamehe. Nilikuuzia macho yangu, na macho yangu yamezeeka."

Ndugu yetu akajibu: "Papa, mimi pia sikuulizaka."

Sasa Papa Fundi njo anatufungia mafundo ya kamba. Anapima kila fundo mara mbili na mita ya chuma, na mtu akimwambia "Papa, inatosha, iko sawa," anajibu: "Ngoja kwanza. Unapima kuanzia wapi?"